Mchezaji wa kawaida wa sataranji akariri ufunguzi, yaani hatua za mwanzo, kwa ajili ya nini?

Wakuu, huu ni mchezo wa sataranji wa watu wawili wa kawaida. Herufi na namba ni mraba, mweupe huanza kisha mweusi: e4, e5, farasi f3, farasi c6, askofu c4, farasi f6. Mweupe akarusha farasi g5, anaivizia f7. Mweusi akajibu d5, askari wake akaliwa, naye akamla mlaji kwa farasi. Hapo ndipo mtego wa Fegatello unapofyatuka: farasi mweupe akala f7, mfalme akamla, malkia akatua f3, na mfalme akalazimika kutoka hadi e6 kumlinda farasi wa d5.

Kila mchambuzi ameishia hapo: "Angekariri farasi wa c6 aende a5, badala ya kumla mlaji pale d5." Ni kweli, a5 ni bora, maana askofu wa c4 anashambuliwa papo hapo. Lakini jamani, mweusi hakufungwa! Mwishoni mweupe alikuwa na mfalme d4 na askari e2. Mweusi mfalme d6, basi. Zamu ya mweupe, akasukuma e4. Mfalme mweusi e6, sare. Angesogeza e3 tu, mweusi ndiye angebanwa asogee: akienda e6, mweupe anamkabili e4, na akikwepa upande mmoja anapitwa upande wa pili. Capablanca, bingwa wa dunia 1921 hadi 1927, alihimiza kuanza kujifunza miisho, yaani mchezo ukibaki na vipande vichache kama hivi. Sisi tunashindana kukariri majina ya ufunguzi.

— Mkuu, nakupinga. Huyo mweusi aliponea kwa uzembe wa mwenzake. Wengi wakinaswa f7 hawafiki huko kwenye mfalme na askari mmoja. Utamfundishaje mtu mwisho ambao hatauona?

— Hapo mna haki nyote, ila tatizo ni kompyuta. Mchezo ukiisha tu mtu anawasha programu, inamwambia a5, anaridhika. Hajui kwa nini. Kesho mpinzani akibadili mpangilio wa hatua, a5 yake haina kazi. Achambue mwenyewe kwanza, aandike alichokuwa anawaza, ndipo aiulize mashine.

— Aandike? Watu wanacheza michezo ya dakika tatu, ndugu yangu.

— Basi huo si wa kuchambua. Chambueni mmoja mrefu.

— Mleta mada nimerudi. Hatua tano za kwanza nawaachia, karirini. Ya sita mtaniomba mkishanionyesha kwa nini e3 inashinda na e4 haishindi, bila mashine.