Nyumba ya ufukweni wakati wa magharibi: kamera niiweke wapi?

Swali
Wakuu, heshima kwenu. Nimepewa kazi ya kupiga picha ya nje ya nyumba ya ghorofa moja inayotazama bahari. Mwenyewe anaitaka ya magharibi, taa zote zimewaka. Jana nilisubiri hadi giza lilipoingia, nikarudi na picha 40 zisizofaa: madirisha meupe pee, paa limemezwa na mbingu, mchanga wa mbele giza tupu. Lenzi milimita 24, f/8 (ukubwa wa tundu la lenzi), ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), kamera juu ya miguu mitatu. Nakosea wapi?

Jibu la 1
Ulichelewa, mkuu. Jua likishazama tu, piga kila dakika. Picha yako ipo pale mwanga wa mbingu unapolingana na wa madirisha. Karibu na ikweta haipiti nusu saa, giza limeshatanda.

Jibu la 2
Mimi kwenye nyumba za pwani huanza na maji, nyumba baadaye. Tazama jedwali la kupwa na kujaa. Maji yakiwa yametoka punde tu, mchanga bado unang'aa, shusha kamera hadi magotini: madirisha yote yatalala chini kama kwenye kioo. Mchanga mkavu hutawanya mwanga, hautoi taswira ya kioo. Ukikuta maji yamejaa saa hiyo, usilazimishe. Kujaa husogea takriban dakika 50 kila siku, na pale bahari inapojaa mara mbili kwa siku, baada ya wiki moja saa ileile utakuta imekupwa.

Ukipiga ubavuni, bahari ikionekana nyuma, kumbuka kuwa upeo wake huikata nyumba kwenye kimo cha kamera. Nimeharibu picha nyingi kwa mstari huo kupita katikati ya madirisha. Ushushe uwe chini ya ukingo wa kibaraza. Kamera isiinuliwe pua, kuta zitaegemea nyuma.

Na minazi? Upepo ukiwepo, ongeza ISO upige picha moja ya haraka, makuti yasitoke ukungu, kisha uyaunganishe na picha ya nyumba.

Muulizaji
Asante sana. Taa za kibarazani moja nyeupe, moja ya njano. Nirekebishe kwenye kompyuta?

Jibu la 2
Badilisha balbu, zote ziwe Kelvin 2700 au 3000 (kipimo cha rangi ya mwanga; hizi ni za njano). Ni kazi ya dakika tano, kompyuta itakula usiku mzima.

Muulizaji
Nimetazama jedwali. Alhamisi maji yanatoka saa kumi na moja jioni. Saa kumi nitakuwa pale na balbu zangu.