Waliopaka njia za zege ili zisiteleze, tupeane uzoefu

Mtoto wa Mama: Mvua ya leo imenitonesha. Njia yetu kutoka getini hadi barazani ilipigwa niru (saruji laini ya kumalizia juu), ikawa laini mno, baadaye ikaota ukoga wa kijani. Fundi akasema dawa ni rangi. Akapiga rangi ya mafuta inayong'aa, mikono miwili, ikapendeza. Mvua ya kwanza tu, mama akatoka na beseni la nguo. Nilisikia beseni likidunda, kisha kishindo cha pili. Nilipofika alikuwa chali, macho wazi, nikimwita haitiki. Damu ilichuruzika na maji juu ya rangi mpya. Nyonga ilivunjika. Sasa anatembea, ila hapiti pale bila kunishika bega. Rangi ile lazima iondoke. Ninyi mlifanyaje?

Kibuyu: Pole sana mkuu. Rangi ya kung'aa nje ni mtego.

Fundi Sululu: Poleni. Rangi tupu huziba mikwaruzo ya zege, utelezi unazidi. Kinachoshika mguu ni chembe. Toa ukoga wote, paache pakauke, piga mkono wa kwanza wa rangi ya sakafu za nje. Ikiwa bado mbichi nyunyizia mchanga mkavu uliochekechwa. Ikikauka fagia mchanga uliolegea, kisha mkono wa pili. Mchanga wa pwani hapana, una chumvi. Zege jipya lisubiri siku 28.

Dada wa Pembeni: Mchanga unachubua! Mwanangu alitoka magoti yote damu. Bora epoksi, ile rangi ngumu ya kuchanganya na kigumishi.

Fundi Sululu: Epoksi nyingi zikipigwa na jua hugeuka njano na kupauka, dada. Na bila chembe nayo inateleza. Goti linapona, nyonga je?

Dada wa Pembeni: Goti ni la mwanangu, usinipangie. Yangu haijapauka, iko chini ya paa.

Fundi Sululu: Basi hiyo si ya nje.

Mpita Njia: Vueni ndala mtembee pekupeku, mambo yaishe 😀

Kauzu: Rangi baadaye. Baba mdogo alimwagia ukoga klorini ya kufulia, akaona hautoki, akaongeza asidi ya kusafishia choo hapohapo. Tulimkuta kaegemea ukuta, anakohoa, hawezi kutamka neno. Vikikutana vinatoa gesi ya klorini. MSICHANGANYE.

Kibuyu: Mungu wangu! Alipona?

Kauzu: Aliwekewa oksijeni, akarudi nyumbani. Hadi leo akipanda ngazi kifua kinambana.

Dada wa Pembeni: Alivaa barakoa?

Kauzu: Ya kitambaa. Haizuii gesi.

Tofali: Sisi hatukupaka chochote. Tulikata mistari kwa grainda kukingama njia, maji yanatiririkia pembeni. Hakuna aliyeteleza tena.

Bi Ufagio: Rangi yangu ilitoa malengelenge ikabanduka, unyevu ulikuwa unapanda kutoka chini. Kabla ya kupaka, bandika kipande cha nailoni, ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, kilale hapo usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone kwa ndani, usipake.

Kibuyu: Hii ya nailoni nimeichukua.

Mtoto wa Mama: Fundi, hii ya mafuta niikwangue yote?

Fundi Sululu: Inayobanduka kwangua. Iliyoshika piga msasa mkali hadi mng'ao uishe.

Dada wa Pembeni: Kwangua yote, mdogo wangu. Mama yako anapita hapo.