Kuzima umeme wa adui: ni vita halali au ni kumtesa raia?

Jamaa mmoja pale Jaws Corner, barza ya kahawa na siasa hapa Mji Mkongwe, kasema: "Vita ni vita. Mzimie adui umeme, rada zitasimama, viwanda vya silaha vitasimama, vita vitakwisha upesi." Barza nzima ikamuunga mkono. Mimi nampinga.

Tuanze na sheria, maana huitajwa sana na wasioisoma. Ibara ya 52 ya Itifaki ya Kwanza ya 1977, ile iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva ya sheria za vita, inauliza: kitu hiki kinachangia vita kweli, na kukipiga kunaleta faida ya kijeshi iliyo bayana? Basi laini inayolisha kambi peke yake, ipigeni, sina ugomvi. Lakini vituo vingi vinalisha kambi na wodi ya wazazi kwa waya ule ule.

Sisi wa Unguja hatuhitaji kuhadithiwa. Desemba 2009 njia ya umeme kutoka Bara iliharibika, tukakaa kiza mpaka Machi 2010. Halikuanguka bomu hata moja. Kilichotuuma si taa, ni mfereji: pampu zilikosa umeme, watu wakahangaika na madumu na visima vya mtaani. Wenye nazo waliwasha majenereta. Vitani mwenye nazo ni jeshi. Dizeli hufika kambini kabla ya kufika hospitali.

Iraq 1991 ilikuwa hivyo hivyo. Mitambo ya umeme ilipigwa na Marekani na washirika wake, mitambo ya maji na maji taka ikasimama, na maradhi yakaendelea baada ya mizinga kunyamaza.

Najua mtanitajia Serbia: Mei 1999 NATO, jumuiya ya kijeshi ya nchi za Magharibi, iliizimia umeme, Juni ikakubali masharti ya kuondoa jeshi lake Kosovo. Sawa, ila NATO ilianza na mabomu ya nyuzi za grafaiti, yanayopiga shoti laini bila ya kuvunja mtambo. Huko si sawa na kuripua kituo kizima katikati ya baridi kali, kama Urusi ilivyofanya Ukraine. Machi 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati za kuwakamata makamanda wawili wa Urusi, Sergei Kobylash na Viktor Sokolov. Majaji waliona pana sababu za kuamini kwamba hata pale kituo kilipoweza kuhesabiwa shabaha ya kijeshi, madhara kwa raia yalizidi mno faida iliyotarajiwa.

Wa upande wa pili karibuni, ila "vita ni vita" siipokei. Tajeni kituo, tajeni vita, na mseme jeshi lilikosa nini.