Mikopo ya kwenye simu: haya ndiyo maendeleo?

Mleta mada
Wadau, kila siku tunaambiwa nchi inapaa kwa kuwa hata muuza mchicha analipwa kwa simu. Sikatai. Ila jirani yangu anauza chapati, alikopa kwenye programu moja ya mtandaoni. Kuchelewa kidogo tu, meseji zikatumwa kwa watu wote aliowahifadhi kwenye simu yake: mchungaji, mwalimu wa mwanawe, wateja. "Mtu huyu ni tapeli, mwambieni alipe." Mimi mwenyewe niliipata. Sasa haweki tena meza barabarani, anauzia uani kwa wanaomjua. Teknolojia inakua huku utu unapotea, hayo tuyaite maendeleo?

Mzee wa Ubungo
Nyie vijana hamkumbuki tulikotoka. Ukitaka kumtumia mama hela ya dawa kijijini unaamkia stendi, unampa konda bahasha, unabaki unamwomba Mungu. Mara konda kasahau, mara bahasha imefika imepungua. Leo mama anapata hela kabla hujakata simu. M-Pesa tangu ije hapa 2007 imeokoa watu wengi, haya msiyadharau. Huyo jirani alikopa asichoweza kulipa, basi. Akina mama wa vikoba, hivyo vikundi vyao vya kuweka na kukopa, ndio zao: kopa huku, ulipe kule.

Binti Vingunguti
Shikamoo mzee. Mengine yote nimekuelewa, hapo kwenye vikoba umenikera. Umewahi kukaa kwenye kikao cha kikoba hata kimoja? Sanduku lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu tofauti, halifunguliwi mpaka wote wawepo. Ukitaka mkopo unasimama mbele ya wenzio unasema unakwenda kufanyia nini, na wadhamini wako wamekaa hapohapo. Ukifiwa, mfuko wa jamii unakushika mkono. Ukichelewa marejesho wanakuja nyumbani, wanakaa, wanauliza kulikoni. Hakuna anayemwandikia mchungaji wako. Na 2007 ni Kenya, huku M-Pesa imeingia 2008.

Mzee wa Ubungo
Marahaba binti. Mwaka si hoja. Hoja yangu ni nidhamu ya fedha.

Wakala wa Kona
Mzee unaongelea nidhamu, mimi nakaa kibandani naona. Wanaokopa kwenye simu si akina mama peke yao. Bodaboda anakopa asubuhi aweke mafuta, mwanaume mzima anakopa ada ya mtoto huku ameinamisha kichwa mkewe asijue. Halafu mnasahau tozo za serikali za 2021 kwenye miamala ya simu. Muamala mmoja ulikuwa unaweza kukatwa hadi shilingi 10,000, juu ya makato ya kampuni. Mteja anafika, kabla ya salamu anauliza "nikituma hii watakata ngapi?" Wengine walirudia kutembea na pesa mfukoni. Baadaye serikali ikapunguza asilimia 30, lakini sisi mawakala tulishakimbiwa.

Msomi wa Dodoma
Tozo zilikuwa kodi ya serikali, msiitwishe simu. Mnachanganya chombo na sera.

Wakala wa Kona
Sawa msomi, wewe mshahara wako unaingia benki. Kibanda changu kilikuwa kitupu, nitenganishe chombo na sera ili iweje?

Mleta mada
Jamani, tozo ni mada yake. Mimi nimeuliza kuhusu mtu kuaibishwa mbele ya mtaa mzima.

Msomi wa Dodoma
Nakujibu. Ukipakua hizo programu kuna mahali zinakuomba ruhusa ya kuona majina ya kwenye simu. Mtu ana shida ya hela usiku, anabonyeza "kubali" bila kusoma, na hapo ndipo wanapomkamatia. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Tume yake ipo. Kukopesha nako kunataka leseni, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imesema wazi. Benki Kuu mwaka 2024 ilitoa orodha ya wakopeshaji wa mtandaoni wasio na kibali. Nyenzo zipo, watu hawalalamiki.

Binti Vingunguti
Watu hawalalamiki kwa sababu wameshaitwa matapeli, kaka. Nani atasimama ofisini aanze kusoma zile meseji kwa sauti? Na akishinda, wateja wake watafutiwa walichokisoma?

Mzee wa Ubungo
Ila vikoba navyo mweka hazina hukimbia na sanduku. Tusidanganyane.

Binti Vingunguti
Mzee wangu, na kufuli tatu zile? Taja kikoba unachokijua wewe ambacho mweka hazina alikimbia na sanduku. Kama huna, futa ile kauli ya "akina mama ndio zao". Mama yangu amenisomesha kwa kikoba mpaka chuo.

Wakala wa Kona
Huyo binti asijibiwe kwa jeuri, kaongea ukweli.

Mleta mada
Msomi, hiyo Tume inapokea malalamiko ya mtu asiye na wakili? Ile meseji bado ninayo na namba iliyotuma inaonekana. Jirani nimemsomea ulichoandika, anataka kujua aanzie wapi.