Hoja za nafasi, hoja zenye majina, au kupandisha toleo la Ruby: kipi kinapunguza muda kweli?

Mkulima_wa_Msimbo (Moshi)

Ndugu wajumbe, wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za kazi. Ninatunza programu iliyoandikwa kwa lugha ya Ruby inayotumiwa na chama cha msingi cha wakulima wa kahawa huku juu ya Moshi. Mkulima akileta kahawa yake ya maganda, karani anaandika uzito, daraja na makato ya pembejeo, na jioni programu inapiga upya hesabu ya msimu mzima ili ijulikane kila mmoja anadai kiasi gani. Mwanzoni mwa msimu hesabu hiyo iliisha kabla karani hajafunika mizani. Sasa mapokezi yamepita 40,000, na karani hukaa akiitazama skrini huku gari la mwisho la kushuka mjini likimwacha.

Seva inaendesha Ruby 2.7. Methodi ya malipo, yaani kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina, inapokea hoja (thamani za kufanyia kazi) nne zenye majina, nazo ni uzito, daraja, bei na makato. Ninapima njia tatu. Ya kwanza ni kuzigeuza hoja zote ziwe za nafasi, yaani zitambuliwe kwa mpangilio badala ya majina, kwa kuwa nimesoma kwamba hoja zenye majina huunda hashi (jedwali la majina na thamani) kila methodi inapoitwa. Ya pili ni kupandisha toleo hadi 3 na kuwasha YJIT, sehemu ya Ruby inayogeuza msimbo kuwa maagizo ya mashine programu ikiendelea. Ya tatu ni kuandika upya sehemu ya hesabu kwa Python, ambayo vijana wawili wanaonisaidia wanaifahamu zaidi. Ningeomba majibu ya waliowahi kupima.

Dada_wa_Njiro (Arusha)

Kaka, njia ya kwanza iondoe kabisa. Ulichosoma kilikuwa kweli kwa Ruby 2.0 ya Februari 2013, toleo lililoleta hoja zenye majina, na kwa 2.1 iliyofuata. Tangu 2.2 ya Desemba 2014, ikiwa methodi imetaja majina yake waziwazi na anayeiita naye ameyaandika waziwazi, thamani hupita moja kwa moja kwenye staki (eneo la muda la kumbukumbu) wala hakuna hashi inayoundwa. Hashi hurudi pale methodi inapopokea `**chaguo`, kwa sababu hapo Ruby inalazimika kuwa na chombo cha kukusanyia majina isiyoyajua, na pia katika ule mtindo wa kale wa `chaguo = {}`. Basi kagua kama kuna methodi ya katikati inayopokea nyota mbili na kuzisukuma mbele tu, maana hiyo ndiyo yenye gharama. Unaweza kuthibitisha kwa kusoma `GC.stat(:total_allocated_objects)` kabla na baada ya kuita methodi mara elfu moja.

Nina sababu nyingine ya kuogopa hoja za nafasi. Niliwahi kuandika programu ya kukadiria gharama za safari za watalii, na mwenzangu akapitisha idadi ya siku mahali pa idadi ya watu. Ada ya hifadhi tuliihesabu kwa mtu kwa siku, hivyo watu 6 kwa siku 4 na watu 4 kwa siku 6 walitoa jumla ileile na majaribio yote yakapita. Gari ndilo lililotuumbua, kwa sababu hukodiwa kwa siku bila kujali limebeba wangapi, na mteja alikwisha kupelekewa bei. Wewe unashughulika na fedha za wakulima, ambako uzito na bei zote ni namba na hakuna kitakachopiga kelele zikibadilishana nafasi.

Mzee_wa_Rau (Moshi)

Marahaba, mwanangu. Dada wa Njiro amesema vema kuhusu hoja, lakini mimi nina wasiwasi kwamba unamtafuta mwizi katika nyumba isiyo yake. Kabla Ruby haijapitisha hoja hata moja, ni lazima ijue ni methodi ipi inayoitwa. Huanza kwenye klasi, yaani aina, ya kitu chenyewe, ikapanda kwenye moduli (mafungu ya methodi) zilizochanganywa humo, kisha kwa klasi mzazi, hadi juu. Ni kama mgeni anayeulizia boma la mtu Marangu, ambaye kila anayemuuliza anamwelekeza mbele kidogo. Akishafika mara moja hahitaji kuuliza tena, ila mwenyeji akihama.

Kumbukumbu hiyo ya njia ndiyo kache ya methodi, na si jambo la jana. Deutsch na Schiffman waliieleza mwaka 1984 kwa lugha ya Smalltalk-80, wakiiweka pale pale methodi inapoitiwa, na mwaka 1991 Hölzle, Chambers na Ungar wakaipanua katika lugha ya Self ili mahali pamoja paweze kukumbuka klasi kadhaa. Upande wa Ruby, kabla ya 2.1 ya Desemba 2013 ilikuwapo namba moja tu ya hali kwa programu nzima, kwa hiyo ukiongeza methodi popote, hata katika klasi isiyohusika, kache zote zilitupwa. Toleo la 2.1 likafanya utupaji uhusu klasi iliyobadilishwa na watoto wake tu. Toleo la 3.0 likaacha jedwali la pamoja, lililokuwa na nafasi 2,048 usipobadili mipangilio, na kuipa kila klasi kache yake. Hata hiyo 2.7 yako si mbovu, kwani maelezo yake rasmi yanasema kiwango cha kupatia kwenye kache ya mahali pa kuitia kilipanda kutoka asilimia 89 hadi 94.

Sasa nijibu bila kuona haya. Ndani ya kitanzi cha hesabu, je, umeweka `extend`, `define_singleton_method` au `OpenStruct`? Kila kimoja kati ya hivyo hukipa kitu klasi yake binafsi. Pokezi elfu arobaini zitakuwa na klasi elfu arobaini, na hakuna kache itakayokumbuka njia inayopitwa mara moja tu. Chapisha `RubyVM.stat` kabla ya kitanzi na baada yake, kisha utazame `class_serial`, namba inayopanda klasi inapoundwa au kubadilishwa.

Kijana_wa_Tengeru (Arusha)

Nitasema kuhusu Python kwa sababu ndiyo riziki yangu. Ni kweli imepata nguvu katika jambo hilihili. Toleo la 3.7 liliacha kuunda kitu cha muda kila methodi ya kawaida inapoitwa. Toleo la 3.8 likaleta utaratibu wa vectorcall, ambao hupitisha thamani za hoja zenye majina katika safu pamoja na orodha ya majina, bila kamusi (hashi ya Python). Kisha 3.11 ya Oktoba 2022 ikaweka mkalimani wa msimbo anayejirekebisha, anayeandika kache ndani ya maagizo yenyewe baada ya kuona ni aina gani ya kitu inayopita, na watengenezaji wake walitaja wastani wa asilimia 25 juu ya 3.10.

Hata hivyo sikushauri uhame. Mtindo ambao Mzee ameuulizia ukihamishwa ulivyo utaendelea kuumiza, kwa kuwa kache za Python nazo hutegemea namba ya toleo la klasi, na `**kwargs` huunda kamusi mpya kila mara kama vile nyota mbili za Ruby. Utakuwa umepoteza miezi na kurudi hapa ukiuliza swali hili hili kwa lugha nyingine.

Mkulima_wa_Msimbo (Moshi)

Mzee, umenipata. Kuna mstari mmoja niliouandika mwaka wa kwanza, nikiwa na furaha ya kugundua `extend`, ambao huipa kila pokezi moduli ya daraja lake kabla ya kuita malipo. Nimechapisha `class_serial` na imepanda sambamba na idadi ya mapokezi. Nimeunda klasi chache, moja kwa kila daraja, zinazochanganya moduli kwa `include` mara moja programu inapowaka, na pokezi huzaliwa katika klasi yake. Hoja zenye majina sikuzigusa. Jana jioni karani alimaliza mapema kiasi cha kunipigia simu kuuliza kama hesabu imeruka watu, nasi tukalinganisha jumla na daftari, zikawiana.

Methodi ya katikati yenye nyota mbili nayo nimeiona, dada. Ilikuwa ikipokea na kupitisha tu, nikaifuta. Tofauti yake ilionekana kwenye hesabu ya vitu vilivyoundwa, ila kwa saa ya ukutani haikunishtua.

Dada_wa_Njiro (Arusha)

Hongera. Kuhusu njia ya pili, YJIT ilianza katika 3.1 na ikaandikwa upya kwa Rust katika 3.2, na haiwaki hadi uiombe kwa `--yjit`. Ungeiwasha ukiwa bado na ule mstari wa `extend` isingekusaidia sana, maana nayo hukagua klasi ya kitu kabla ya kutumia msimbo iliouandaa. Sasa inafaa kujaribiwa. Tahadhari ni kwamba 3.0 ilitenganisha hoja zenye majina na hashi ya mwisho, hivyo mahali unapopitisha hashi ukitegemea Ruby iigeuze patakataa kwa kosa la idadi ya hoja. Ukiwa bado kwenye 2.7, endesha majaribio kwa `-W:deprecated`, kwa sababu tangu 2.7.2 maonyo hayo yamezimwa usipoyaomba.

Mkulima_wa_Msimbo (Moshi)

Nimeyaendesha usiku huu, maonyo ni 11, na 9 yako kwenye faili la makato. Nitayarekebisha sasa, lakini toleo lenyewe sitalipandisha hadi malipo ya mwisho ya msimu yatoke.