Nataka kufika Vibambani alikozaliwa Shaaban Robert. Nianzie wapi?

Mwalimu wa Makambako

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Nafundisha Kiswahili sekondari huku Makambako. Likizo hii nakwenda Tanga kwa shemeji yangu, na nimeazimia safari hii nifike Vibambani. Kila mwaka naandika ubaoni kwamba Shaaban Robert alizaliwa kule mwaka 1909, watoto wananakili, nami mwenyewe sijawahi kukanyaga. Inanikera. Aliyefika anielekeze: nimwone nani, na nikifika nifanye nini? Sitaki kwenda kupiga picha na kuondoka.

Mtoto wa Chumbageni

Karibu sana Tanga, mwalimu. Si mbali, ni kama kilomita 10 kusini mwa mji. Wewe ulizia Machui, Vibambani iko jirani yake.

Usianze kuzungukazunguka mwenyewe. Piga hodi kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa au kwa wazee utakaowakuta barazani, useme umetoka wapi na unamtafuta nani. Ukianza na salamu, huku kwetu mambo mengine yatafuata yenyewe. Ijumaa mchana usiende, watu wako msikitini.

Kaburi lake liko Machui. Alifariki Juni 1962, nchi haijatimiza hata mwaka tangu ipate uhuru. Hilo huwa linaniuma: mtu aliyeandika juu ya haki na utu chini ya mkoloni, akauonja uhuru kwa miezi tu. Ukifika pale, kama wewe ni Mwislamu msomee Fatiha. Kama si Mwislamu, simama kwa adabu, wenyeji watamwombea dua. Picha omba ruhusa kwanza, hayo ni makaburi ya watu.

Halafu kaa na wazee. Usiwaulize nyumba ilikuwa wapi tu, waache wazungumze. Pwani hiyo ya kuelekea Tongoni ina Kimtang'ata chake, lahaja ya Kiswahili ya huko, na mwalimu wa Kiswahili akikaa pale saa mbili atasikia mengi ambayo hayamo vitabuni. Ukipata nafasi, pitia magofu ya Tongoni yenyewe, kuna msikiti wa kale na makaburi ya nguzo.

Binti wa Bweni

Nakubaliana na aliyetangulia, ila mwalimu, usiishie hapo. Endelea hadi Pangani! Watu wanataja alikozaliwa na alikozikwa, wanairuka kazi yake. Alianza ukarani wa forodha mwaka 1926, na Pangani ni moja ya vituo vyake, hadi alipohamishiwa Mpwapwa mwaka 1944. Simama kando ya mto pale unapoingia baharini, utazame boma la kale na vyombo vinavyovuka kuja kwetu Bweni. Karani aliyeshinda na hesabu za ushuru mahali kama hapo ndiye aliyekuwa akitunga tenzi.

Bibi yangu alinikaririsha Utenzi wa Hati, ule aliomtungia binti yake, kabla sijaanza darasa la kwanza. Mpaka leo nikiwa na jambo zito beti zake ndizo zinazonijia. Kwa hiyo nakuomba uende na kitabu, usome kwa sauti ukiwa huko.

Mzee Kijiko

Nyongeza ndogo. Utakutana na ubishi kuhusu kabila lake, usiingie. Wazazi wake walikuwa na asili ya Uyao, yeye mwenyewe akajiita Mswahili. Inatosha.

Mwalimu wa Makambako

Ahsanteni mno, wakubwa zangu. Nimeandika yote. Nitaanzia kwa mwenyekiti, Machui siku ya kwanza, Pangani siku inayofuata. Shemeji amekubali kunisindikiza. Limebaki moja: siendi kwa wazee mikono mitupu. Kwa desturi ya huko, nibebe nini?

Mtoto wa Chumbageni

Sukari na majani ya chai, hukosei. Na kama mfuko unaruhusu, nunua nakala mbili tatu za vitabu vyake uiachie shule ya msingi ya karibu. Mtoto wa kule akimsoma mtu wa kwao, akajua alitoka kwenye vumbi hilihili analolikanyaga yeye, hilo ni kubwa kuliko sukari. Ukifika mjini niandikie ujumbe, nikiwa na nafasi nitakupeleka mwenyewe.