Naomba ushauri: IST inayokula oili kidogo, nifunge gesi au nitengeneze injini kwanza?

Habari zenu wakuu. Nina Toyota IST ya 2004, injini 2NZ, imetembea kilomita 187,000. Nafanya nayo teksi hapa Dar, Mbagala mpaka Posta na kurudi, na petroli inamaliza karibu nusu ya ninachopata. Nataka kuhamia gesi asilia.

Tatizo ni kwamba injini inapunguza oili, kama nusu lita kabla ya sevisi. Nimebadilisha plagi na kusafisha nozeli, bado asubuhi nikiwasha inatoa moshi wa bluu kidogo, kisha unakata. Fundi mmoja anasema funga tu. Mwingine anasema gesi ni kavu, itamaliza valvu. Nimechanganyikiwa kweli, maana gari hili ndilo linalolisha familia.

Naomba kwa waliokwisha kufunga: nianze na ringi za pistoni na sili za valvu, au nipime kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) tu kwanza? Na mtungi nimeonyeshwa umeshatumika. Unabeba gesi ya presha ya bar 200 nyuma ya viti wanapokaa abiria. Niangalie alama gani juu yake kabla sijatoa hela?